Mtaa wa Dakika Kumi

Pale idarani tulimwita Rula. Jina lake la kwenye cheti lilibaki ndani ya faili lake tu, na hata mhasibu alilazimika kuja kuniuliza mimi wa masjala kabla ya kuliandika. Alikuwa mchora ramani wa mipango miji, mrefu, mwembamba, mnyoofu mpaka mgongoni, na hakuweza kuvumilia kitu kilichokaa upande. Akiingia chumbani kwangu kunong'ona jambo zito, kwanza angenyoosha kalenda ukutani, kisha mafaili mezani, ndipo aseme. Kwa miaka kumi na tisa kila mchoro alioutoa ulipita mikononi mwangu kupigwa muhuri na kupewa namba, kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota barabarani.

Kabla ya kuchora mtaa, Rula aliutembea. Wenzake walipima kwa gari na kwa picha za angani. Yeye alivaa raba zake akaenda kwa miguu, tena akiwa amebeba kitu: mara ndoo ya maji, mara furushi la nguo, siku moja kiti cha mbao. Mkuu wa idara alipomuuliza kiti ni cha nini, alijibu kwamba mita mia nane za mtu wa mikono mitupu si mita mia nane za mama mwenye mtoto mgongoni. Tulicheka sana. Dereva wa idara akasema Rula akipewa kupanga makaburi tutamkuta njiani na jeneza.

Elimu hiyo aliipata kwa dada yake. Mama yao alifariki Rula akiwa bado hajaanza shule, na dada ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa cherehani. Alikuwa akishona sare za wanafunzi katika chumba kimoja nyuma ya kituo cha zamani cha treni, na mtaa mzima ulimwita Mama Sare. Hakuwa na kibao mlangoni. Wazazi walishuka kwenye treni, wakatembea dakika nne, watoto wakapimwa mabega na viuno, wakawahi treni ya kurudi. Nilimpelekea wanangu wote watatu. Alikuwa na futi shingoni saa zote, na ukimsalimia alikujibu huku macho yake yakikupima.

Kisha ukaja uamuzi wa kupanua reli na kujenga kituo kipya palepale pa zamani, na idara yetu ikaambiwa ipange mtaa wa kukizunguka. Mkuu wa idara hakusumbuka kutafuta wa kuuchora. Nani mwingine aliyekijua kila kichochoro cha pale? Rula alizama katika kazi hiyo miezi mitano. Chai niliyompelekea ilikuwa ikipoa juu ya kabati mpaka naiondoa.

Mchoro ule naukumbuka. Kituo kilikuwa katikati. Kukizunguka, nyumba za ghorofa nne, si zaidi, ili lifti ikiharibika mzee aweze bado kufika kwake. Chini vyumba vya kazi, vya washona viatu, vinyozi, mafundi redio na mafundi cherehani; juu vyumba vya kulala. Hakuna mlango uliokuwa mbali na kituo zaidi ya dakika kumi kwa miguu, mzigo ukiwemo. Njia za watembea kwa miguu zilikuwa pana kuliko barabara ya magari, zina miti, na kila baada ya mita themanini pana benchi. Shule na zahanati aliziweka upande wa ndani ili mtoto asivuke barabara kubwa. Na vyumba viwili katika kila vitatu vilitengwa kwa wapangaji waliokuwa wakiishi pale tangu zamani, kwa kodi ileile waliyoizoea. Sharti hilo aliliandika pembeni mwa mchoro kwa mkono wake, kwa zile herufi zake zilizosimama kama askari gwaride.

Bodi iliupitisha. Kwenye jalada la faili niliandika "Mtaa wa Dakika Kumi", kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa tukiuita. Wakaja wakubwa kupiga picha na mfano wa mbao uliowekwa ukumbini, na Rula siku hiyo alivaa tai. Sikupata kumwona na tai tena.

Kilichobaki ni watu kuhama ili vyumba vya zamani vibomolewe. Wangekaa kwenye makazi ya muda kwa miezi kumi na minane, kule basi linakogeuzia, halafu warudi. Fomu ya kukubali kuhama aliiandaa Rula, akaandika kwamba mpangaji "atarudishwa" katika nyumba mpya. Ilipotoka kwa mwanasheria ilisema mpangaji "atafikiriwa". Mimi ndiye niliyeitoa nakala, neno nikaliona, nikamwonyesha. Alilitazama kidogo, akasema wanasheria ndivyo wanavyoandika, mchoro ndio utakaojengwa. Nami nikaendelea kutoa nakala.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, Jumamosi asubuhi. Nilikaa kwenye meza ndogo na fomu zangu na kalamu mbili. Mhandisi wa reli alizungumza habari za mataruma na madaraja mpaka watu wakaanza kuzungumza yao. Mshona viatu mmoja, mtu mzima mwenye mabega mapana, akasimama akauliza swali ambalo kila mmoja alikuwa nalo: wakishaondoka, nani atakayewatambua siku ya kurudi? Mhandisi akaanza upya na mataruma yake. Ndipo mkuu wa idara akamwashiria Rula.

Rula alikuwa mzito wa ulimi mbele za watu. Aliubandika mchoro kwenye ukuta wa darasa, akaunyoosha, akageuka.

"Mimi ndiye niliyechora," alisema. "Dada yangu anakaa hapa, mnamfahamu. Chumba chake ni hiki, cha pili kutoka kwenye ngazi. Siwezi kumchorea dada yangu uongo."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Sare alinyanyuka pale alipokuwa amekaa, akaja kwenye meza yangu, akachukua kalamu na kutia saini bila kusoma. Mshona viatu akamtazama, akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe kwamba kama Mama Sare anaondoka, yeye abaki kumshonea viatu nani. Akaja naye. Mpaka jua linafika utosini nilikuwa na fomu mia tatu na kitu.

Walihama ndani ya mwezi mmoja. Makazi ya muda yalikuwa safu za vyumba vya mabati juu ya uwanja wa kokoto, na kutoka huko mpaka mjini ilikuwa saa mbili kwa basi, ukibahatika kulipata. Mama Sare aliweka cherehani yake mlangoni pa chumba chake cha bati, akasubiri wateja. Mzazi gani angesafiri saa mbili kwenda kupimisha mtoto suruali? Basi akawa anasafiri yeye. Alfajiri anakuja mjini na futi na daftari, anawazungukia watu majumbani, jioni anarudi na vitambaa, usiku anashona, kesho anavileta. Magoti yakaanza kumsumbua. Hata mimi nilipotaka sare ya mjukuu nilimwomba apitie nyumbani kwangu, akaja, akakaa kwenye ngazi za nje muda mrefu kabla ya kubisha.

Huku ofisini mabadiliko yalianza kidogokidogo. Mwekezaji aliyepewa ujenzi alileta barua: mabenchi yaondolewe, yatavutia watu wasio na kazi. Rula alibishana wiki nzima, akayafuta. Likaja la pili, njia ya miguu ipunguzwe ili magari yapate kupishana. Akaipunguza. Kisha vyumba vya mafundi vya chini vikawa maduka ya vioo, kwa kuwa kelele za nyundo haziendani na wapangaji watarajiwa. Ghorofa nne zikawa tisa, baadaye kumi na nne.

Niliwahi kumsikia akimwambia mkuu wa idara kwamba hachori tena, mlango ukiwa wazi. Mkuu hakuwa mtu mbaya; alikuwa amechoka tu, mtu wa kumeza vidonge vya tumbo kila baada ya simu.

"Ukikataa, nampa kijana wa chumba cha mwisho," alimwambia. "Yeye hata shule ile hajui iko upande gani. Ukibaki wewe utaokoa mawili matatu."

Rula akabaki. Hiyo ndiyo ndoana iliyomnasa, na sidhani kama alikuja kuchomoka. Kila toleo jipya aliingia nalo chumbani kwangu akiwa na jambo aliloliokoa. Mara mti, mara upana wa ngazi, mara kijia cha mita mbili kati ya maghorofa cha kukatizia kwenda kituoni. Alinionyesha kijia hicho kwa ncha ya penseli kama mtu anayekuonyesha picha ya mtoto wake. Sikumwambia kwamba nyumba za kando yake zilikuwa zimeshabadilishwa jina, si nyumba za mafundi tena.

Katika toleo la tano wapangaji wa zamani walihamishiwa "awamu ya pili", ng'ambo ya reli. Katika toleo la saba ile awamu ya pili ikafutwa, na pale vilipochorwa vyumba vyao mwanzo pakawekwa maegesho ya magari. Sharti lililoandikwa pembeni kwa mkono lilifutwa, na aliyelifuta ni yeye. Siku hiyo aliniletea karatasi, na kalenda yangu hakuigusa. Nilipiga muhuri.

Kila Jumapili alikwenda kwa dada yake. Hili alinisimulia mwenyewe baadaye. Dada alikuwa akimkaribisha kwenye kiti kimoja kilichokuwepo, naye akikaa juu ya furushi la vitambaa, wakazungumza habari za watoto na za mvua iliyovuja. Na kabla hajaondoka, dada angemuuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale.

"Chumba changu bado kipo kwenye karatasi?"

"Kipo," Rula alimjibu.

Alimjibu hivyo wakati wa toleo la nne, jambo lilipokuwa bado kweli. Akamjibu hivyo wakati wa la tano, akijiambia ng'ambo ya reli si mbali. Na baada ya la saba akaendelea kumjibu hivyohivyo, Jumapili baada ya Jumapili, karibu mwaka. Nilimuuliza aliwezaje. Akasema kila alipokuwa akienda alipanga kusema, lakini akifika dada alikuwa ameshamsogezea kiti.

Miezi kumi na minane ikapita, ikaongezeka sita. Kule kwenye mabati watu wakaanza kunung'unika, wakamchagua Mama Sare aje idarani kuuliza, kwa sababu yeye ndiye mwenye ndugu. Alikuja siku ya Jumanne. Rula alikuwa amekwenda kupima eneo jingine, na sikumbuki tena kama nilijua kwamba angechelewa au nilitumaini atokee.

Alinisalimia kama kawaida, akauliza hali ya wajukuu. Kisha akasema hakutaka kumsumbua mdogo wake kazini, yeye alitaka tu kuiona ramani kwa macho yake ili akirudi awaambie wenzake alichokiona. Ni haki ya raia yeyote kuona mchoro uliopitishwa. Imeandikwa kwenye mlango wangu, na nimeiandika mimi. Ningeweza kumwambia faili liko kwa mkuu. Nilisimama mbele ya kabati muda, nikalitoa.

Nilimtandikia mezani. Aliinama, akatafuta kituo, akakipata. Kidole chake kikatoka kituoni kikafuata njia, kikafika pale palipokuwa na ngazi na chumba cha pili, kikakuta mistari mifupi iliyopangwa sambamba.

"Hivi ni nini?"

"Maegesho," nikamwambia.

"Ya treni?"

"Ya magari, dada."

Aliendelea kutafuta, pole pole, upande huu na upande ule, mpaka akaimaliza karatasi yote. Kwenye kona ya chini kulia kila mchoro una kisanduku cha majina: aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha, na tarehe. Pale kidole kilikaa zaidi. Aliisoma tarehe, nikaona midomo yake ikihesabu miezi.

"Mwandiko wake ulikuwa mzuri tangu darasa la pili," alisema. "Mimi ndiye niliyemshika mkono."

Akaniomba nimkunjie karatasi irudi ilivyokuwa, akaniaga, akashuka ngazi akishikilia ukuta. Sikumfuata. Nilikuwa na watu wawili wanasubiri mihuri, na nilishukuru kwamba wapo.

Rula aliporudi jioni nilimwambia. Aliweka chini mkoba wake wa vipimo, akatoka. Baadaye alinieleza kwamba alimkuta dada yake anakata kitambaa. Dada alimsogezea kiti, akampa chai. Rula alisubiri matusi, akasubiri kilio, hakuvipata.

"Ungeniambia tu," dada alimwambia. "Mwaka jana vyumba vilikuwa bado vinapatikana karibu na shule. Ningehamia huko. Sasa hata choo hupati."

Basi. Akamuuliza kama amekula.

Mama Sare aliwaambia wenzake ukweli wote isipokuwa mmoja: hakusema nani aliyechora. Aliwaambia serikali imebadilisha. Lakini watu hawakuwa wajinga. Walikumbuka uwanja wa shule, walikumbuka nani aliyekuwa wa kwanza kuishika kalamu, na wengine wakasema alijua tangu mwanzo, amehongwa chumba kizuri mahali fulani. Walisema hayo juu ya mwanamke aliyekuwa akilala kwenye mabati kama wao, chumba cha tatu kutoka chooni. Mshona viatu aliacha kumsalimia. Wanawake aliowashonea watoto wao tangu wakiwa matumboni wakawa wanapita mlangoni pake na vitambaa wakiwapelekea wengine. Jirani mmoja alimrudishia sare iliyokwisha kushonwa, akasema haimtoshi mtoto. Mama Sare aliifumua, akamrudishia kitambaa kimekunjwa vizuri.

Rula aliandika barua ya pingamizi. Ilikuwa na kurasa kumi na moja na vielelezo: umbali, idadi ya watembea kwa miguu, nauli inavyoila familia, fomu mia tatu na zaidi zilizotiwa saini. Katika kazi yangu yote sijapata kupokea karatasi iliyoandikwa vizuri kama ile. Niliipiga muhuri wa "Imepokelewa", nikaipeleka kwa mkuu, mkuu akaipeleka kwa bodi, na bodi ikairudisha kwangu na maneno mawili: "Iwekwe kumbukumbu." Nikaiweka. Rula alikuja kuitazama mara mbili au tatu, kisha akaacha.

Kituo kilifunguliwa. Ni kizuri, siwezi kusema uongo, na treni hufika kwa wakati. Maghorofa yaliyokizunguka yana madirisha ya bluu na nusu yake hayana mapazia. Wakaao humo hutoka na magari, hawapandi treni. Wanaoipanda hushuka asubuhi kwa maelfu kutoka kwenye mabasi ya mbali, wakatembea ukingoni mwa lami wakiwa na mizigo yao, maana njia ya miguu iliyobaki inaishia kwenye nguzo ya taa. Kile kijia cha mita mbili kimewekwa geti na mlinzi. Rula alijaribu kukipita siku ya kwanza. Mlinzi akamuuliza anakwenda kwa nani, naye akakosa jina la kutaja.

Angeacha kazi, mtu atasema. Nami nilimwambia. Alikuwa na miaka minne kabla ya kustaafu na watoto wawili chuoni, na nje ya ubao wa kuchorea hakuwa na kitu kingine anachokijua. Tena mkuu wa idara alikuwa ameshampa mtaa wa kituo kingine, cha tatu kutoka pale. Alikwenda kukipima kwa gari. Mkutano wa wakazi ulipoitishwa alisema koo linamuuma, akaongea yule kijana wa chumba cha mwisho, kijana mchangamfu mwenye maneno mazuri, na watu wakasaini wengi kuliko mara ile.

Mama Sare hakudumu kwenye mabati. Magoti yalikataa mabasi, na bila mabasi hakukuwa na kazi. Binti yake, aliyeolewa mji wa mbali, alikuja kumchukua. Cherehani haikuingia kwenye buti la teksi, wakaiacha kwa jirani mpaka watakapoipata njia ya kuisafirisha; jirani naye akahama, na habari za cherehani zikaishia hapo. Rula alikwenda kumwona dada yake mara moja, mwaka uliofuata. Aliomba ruhusa ya wiki nzima, akarudi siku ya tatu.

Nilimuuliza dada hajambo. Akasema hajambo, anakaa ndani tu, kule hakuna pa kwenda kwa miguu. Wanakaa sebuleni, runinga inawaka, na mkwe ni mtu mwema. Nikamuuliza walizungumza nini.

"Aliniuliza habari za kazi," alisema.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia inaendelea."

Akachukua mchoro wa kituo kipya aliokuja kuufuata, akasaini kitabu changu cha mafaili yanayotoka, akarudi chumbani kwake. Baadaye nilimsikia akiburuza kiti, kisha ukimya wa mtu aliyeinamia kazi.